Mali Bila Daftari: Hesabu za Wafanyabiashara Wadogo wa Tanzania na Wanaozisoma

Wafanyabiashara wadogo wa Tanzania wamekuwa wakihukumiwa kwa daftari kwa zaidi ya miaka mia moja. Msemo wa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari umekaa vinywani mwa watu kana kwamba ni ushauri mtupu wa busara, lakini katika historia ya biashara ya nchi hii daftari halikuwa chombo cha kutunza mali peke yake. Lilikuwa pia ushahidi, na ushahidi huo ulisomwa na mtu mwingine, ambaye mara alikuwa mdai, mara ofisa wa kodi, mara kiongozi wa kijiji na mara mkopeshaji. Kwa hiyo tafiti na semina za siku hizi zinapouliza iwapo mwenye biashara ndogo anajiamini katika kuendesha biashara yake na katika hesabu za fedha, yaani iwapo anaona nafsini mwake kwamba kazi hizo anaziweza, swali hilo halijibiki kwa kupima elimu yake tu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kusita kwa mfanyabiashara mdogo mbele ya daftari kumetokana zaidi na nani alilisoma daftari hilo, na kwa nia gani, kuliko udhaifu wa hesabu.

Udhaifu huo hauonekani katika biashara ya misafara ya karne ya 19, ambayo ilikuwa biashara ya mkopo tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar, kampuni ya Jairam Shivji, iliyotoka Kutch katika Bara Hindi, ilikodi forodha ya kisiwa, maana yake ilimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, ikakusanya ushuru na kubaki na ziada. Na kutokana na fedha hizo, pamoja na za matajiri wengine, bidhaa zilitolewa kwa wenye misafara ili wakazilipie kwa pembe za ndovu watakaporudi. Mwenye msafara aliyetoka Bagamoyo alilazimika kubeba kichwani hesabu za vipimo kadhaa kwa wakati mmoja: doti, yaani kipande cha nguo cha yadi 4; jora, yaani nguo nzima kabla haijakatwa; ushanga wa aina mbalimbali uliokubalika katika nchi moja na kukataliwa katika nchi ya pili; na frasila, uzito wa ratili 35 hivi, au karibu kilo 16, uliotumika kupimia pembe. Thamani ya kimoja kwa kingine ilibadilika kila baada ya mwendo wa siku kadhaa, na aliyekosea hakupata wa kumlipia deni lake Pwani.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji wa simulizi hiyo hukuta kwamba sehemu kubwa yake ni habari za mikopo, ikiwemo ya mkopeshaji wake Taria Topan wa Zanzibar, na za frasila za pembe. Hesabu hizo zilikuwa na maandishi pande zote mbili. Matajiri wa Kihindi waliandika vitabu vyao kwa Kigujarati, na watu wa Pwani waliandika hati za deni na rehani kwa herufi za Kiarabu mbele ya kadhi na mashahidi, wakifuata mafundisho ya dini yanayowataka Waislamu waandike deni lenye muda. Ni vyema kukumbuka jambo hili, kwa sababu maofisa wa baadaye walipoandika kwamba uwekaji hesabu ni mgeni kwa Waafrika wa nchi hii, walikuwa wakiishi katika miji ambayo hati za namna hiyo zilikuwa zimeandikwa humo kwa miaka mingi.

Duka la rejareja lilizaliwa kutokana na mnyororo huohuo wa mkopo. Allidina Visram, aliyekuja Bagamoyo akiwa kijana mdogo kutoka Kutch na kufanya kazi chini ya tajiri Sewa Haji Paroo, alifungua maduka kufuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, kisha Uganda, na alipofariki mwaka 1916 jina lake lilikuwa limeenea katika Afrika ya Mashariki yote. Alianza kwa kushika kazi chini ya mkubwa, akapewa bidhaa kwa mkopo na kufungua tawi, kisha naye akawafungulia wengine. Mwenye duka wa Kihindi wa kijijini mara nyingi hakuwa amesoma zaidi ya jirani yake Mwafrika kwa kiasi kikubwa, lakini alikuwa na mtu wa jumla aliyemwamini, mjomba aliyemfundisha, na kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo wasomaji wake walikuwa jamaa zake. Alijiamini kwa sababu aliaminiwa na watu aliowajua.

Serikali ya Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika, kitabu hicho kilianza kutakiwa na msomaji mwingine. Mwaka 1923 zilitungwa sheria za leseni za biashara na kodi ya faida, ambazo pamoja na mambo mengine ziliwataka wafanyabiashara waweke hesabu kwa lugha inayosomeka na maofisa, na Kigujarati hakikuwamo. Chama cha Wahindi kiliitisha mgomo wa kufunga maduka, ambao Wahindi waliuita hartali, na maduka yakafungwa kwa majuma kadhaa. Kisingizio cha serikali kilikuwa cha kiutawala, na malalamiko ya wenye maduka yalikuwa ya gharama, kwa kuwa mwenye duka mdogo angelazimika kuajiri karani wa kumtafsiria vitabu vyake mwenyewe. Hata hivyo kiini cha ugomvi ni kwamba kitabu kilichokuwa mazungumzo kati ya mkopeshaji na mkopaji kiligeuzwa kuwa kitabu cha kodi. Kodi hiyo ya faida baadaye iliondolewa. Hoja iliyobaki ni kwamba watu waliofunga maduka mwaka 1923 ndio waliosifiwa na wakoloni kwa ustadi wa hesabu, na bado walikataa kuzifungua mbele ya ofisa.

Kwa Mwafrika mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu yeye alizuiwa kuingia katika mnyororo wenyewe. Sheria za kudhibiti mikopo kwa wenyeji, zilizotungwa Tanganyika katika miaka ya 1920 na kuimarishwa mwaka 1931, ziliweka kanuni kwamba deni ambalo mtu asiye mwenyeji alimdai mwenyeji lisingeweza kudaiwa mahakamani bila ya mkataba ulioandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa ulinzi, yaani kumwepusha mkulima na mkopeshaji asiye na huruma, na haifai kukana kwamba wakopeshaji wa namna hiyo walikuwapo. Lakini mwenye bidhaa za jumla aliyejua kwamba deni lake halitasikilizwa na hakimu hakuona sababu ya kutoa mzigo, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka akalazimika kununua kwa fedha taslimu, gunia moja la sukari na debe moja la mafuta ya taa, wakati jirani yake alijaza rafu kwa mkopo wa siku 90. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1948 ilitaja kiasi waziwazi: mkopo wa zaidi ya shilingi 200 kwa Mwafrika ulihitaji idhini.

Matokeo ya sheria hizo yaligeuzwa kuwa ushahidi wa kuzihalalisha. Duka la Mwafrika lilikuwa dogo kwa sababu halikuwa na mkopo. Likiwa dogo lilitetereka kwa hasara ndogo. Na likifungwa, taarifa za wilaya ziliandika kwamba mwenyewe hakujua kuweka hesabu, kwa hiyo hastahili mkopo. Duara hilo lilitambuliwa hata na waliotumwa na serikali yenyewe, kwani Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, iliyoongozwa na Hugh Dow na kutoa taarifa yake mwaka 1955, ilipinga vizuizi vya mikopo na biashara vilivyosimama juu ya rangi. Waafrika wenyewe walikuwa wamesema kabla. Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha mwaka 1934 chama cha kutetea ustawi na biashara za Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kuchapisha gazeti la Kwetu. Na si jambo la bahati kwamba gazeti la mwanzo kumilikiwa na Mwafrika Tanganyika lilitoka mikononi mwa mwenye duka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa iliyopendekezwa ikawa mafunzo. Chuo cha Jeanes huko Kabete, Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya walimu wa vijijini, kiliongezewa kozi za wafanyabiashara Waafrika, ambapo uwekaji wa hesabu ulikuwa somo la lazima. Mafunzo hayo yalikuwa na faida yake, ila yalichukua kielelezo cha duka la mjini linalouza kwa fedha taslimu, na hayakumfundisha mwenye duka la kijijini jambo lililomsumbua kuliko yote, yaani namna ya kumkopesha shemeji bila kumkosa wala kufilisika. Peter Marris na Anthony Somerset, waliochapisha mwaka 1971 utafiti wao juu ya wafanyabiashara Waafrika wa Kenya, walionyesha jinsi ugumu wa kumwamini msaidizi, awe ndugu au mgeni, ulivyowabana wenye biashara kuliko walivyokiri. Msimamizi asiyemwamini mtu hawezi kukabidhi kazi, na kozi ya wiki kadhaa haiondoi jambo hilo.

Palikuwa na shule nyingine ya hesabu ambayo haikuitwa shule. Katika mikoa ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliokuwa na mashaka na mizani ya wanunuzi waliweka mizani yao wenyewe karibu na vinu vya pamba ili kila mkulima apime mzigo wake kabla ya kuuza, na harakati hizo zikazaa vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hapa hesabu ilisomwa na mwenye mali. Mkulima asiyejua kusoma alijua uzito wa pamba yake kwa macho yake, akalinganisha na stakabadhi aliyosomewa na mwanawe, na karani aliyepunguza alijua kwamba mkutano wa wanachama u mlangoni. Shirikisho hilo lilifikia kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, likamiliki vinu, na hakuna ushahidi bora kuliko huo wa kubatilisha dhana ya watu wasioweza hesabu.

Mambo yaliharibika kwa haraka ya kupanuka. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 vyama vilifunguliwa kwa amri hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba, makarani wakaajiriwa kabla hawajafunzwa, na Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ikakuta vitabu visivyoandikwa, fedha zilizopotea na wanachama wasiojua chama chao kinadaiwa nini. Serikali ilikuwa imefungua Chuo cha Ushirika Moshi mwaka 1963 na Chuo cha Elimu ya Biashara Dar es Salaam mwaka 1965, na vyuo hivyo vilitoa wahasibu wazuri. Lakini wahasibu hao waliajiriwa na mashirika ya umma, na mwenye genge la nyanya hakuwaona.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipotaifisha biashara kubwa za jumla na za kuagiza bidhaa nje, mwenye duka mdogo hakuguswa moja kwa moja na sheria, bali aliguswa na lugha. Maneno bepari, mnyonyaji na mlanguzi, yaliyokusudiwa kwa wakubwa, yaliteremka hadi kwa mwenye duka la chumvi na viberiti. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambayo viongozi wa mikoa waliitekeleza kwa kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji. Bidhaa zikakosekana upesi, na operesheni ikalazimika kusimamishwa. Maduka ya vijiji yalikabidhiwa kwa wauzaji waliotakiwa kuweka hesabu za mali ya wote bila ya kuwa na sehemu katika faida, na mengi yalikwisha kwa upungufu ambao hakuna aliyeweza kuueleza. Kisha mwaka 1983, wakati wa uhaba mkubwa, ilitungwa sheria ya uhujumu uchumi, na katika msako ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine watu walikamatwa kwa kuwa na bidhaa, wengine wakazitupa usiku ili zisikutwe nyumbani mwao.

Kipindi hicho hakijapewa uzito wake katika maandishi kuhusu stadi za biashara, nacho kinaeleza mengi. Mtu aliyekuwa na duka mwaka 1983 alijifunza kwamba daftari la bidhaa lililoandikwa vizuri ni orodha ya makosa yake, na kwamba mali iliyogawanywa kwa jamaa watano bila ya karatasi ni salama kuliko mali iliyomo ghalani na stakabadhi zake. Uamuzi wa kutoandika haukuwa ujinga wa hesabu. Ulikuwa ni hesabu yenyewe, iliyofanywa na mtu anayejua hatari zake. Watoto wa wenye maduka hao ndio walioshika biashara katika miaka ya 1990, nao walirithi kazi pamoja na mazoea yake.

Baada ya mwaka 1984, bidhaa za watu binafsi ziliporuhusiwa kuingia nchini, na hasa baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, kipindi ambacho watu walikiita cha ruksa, karibu kila nyumba ya mshahara ilikuwa na mradi, yaani biashara ya pembeni: kuku, maandazi, ushonaji, barafu za watoto. Mshahara ulikuwa umeporomoka, na mwanamke aliyeuza vitumbua mara nyingi aliingiza nyumbani zaidi ya mumewe aliyekuwa ofisini. Mtaji wake ulitoka katika upatu, ambapo kundi la watu huchanga kiasi sawa kila wiki au mwezi na mmoja mmoja kupokea jumla yake kwa zamu, na bidhaa zilipatikana kwa mali kauli, utaratibu wa kupewa mzigo kwa neno tu na kuulipia baada ya kuuza. Taratibu zote mbili zina uhasibu mkali. Katika upatu kila mwanachama anajua zamu yake na za wenzake, na anayechelewa anajulikana siku hiyohiyo. Katika mali kauli sifa ya mtu ndiyo dhamana, na mwenye kuipoteza katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, huipoteza mitaa yote.

Taasisi za mikopo midogo zilipoingia, ikiwamo PRIDE Tanzania katika miaka ya 1990, ziliazima utaratibu wa kundi kwa kuwaweka wakopaji watano watano, kila mmoja mdhamini wa mwenzake, lakini ziliongeza fomu zilizouliza mapato na matumizi kwa mwezi. Mwombaji ambaye mapato yake na chakula cha watoto hutoka katika pochi moja alijaza namba iliyotarajiwa na ofisa, na hapo ndipo wengi walipoanza kusema kwamba hesabu hawaziwezi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo wa VICOBA vilichukua njia tofauti. Asili yake ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, na ambao walitunza hesabu zote kwa kukariri pamoja mkutanoni. Utaratibu huo ulipofika Zanzibar na kisha Bara, ulikuja na sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Wanawake ambao benki ziliwaita wasiojua hesabu wanaongoza vikundi hivyo hadi leo, wakigawana hisa na faida mwisho wa mzunguko.

Mafunzo rasmi nayo yalifanyiwa majaribio. Mwaka 2008 wateja wa PRIDE Dar es Salaam walipewa masomo ya biashara yaliyoandaliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na watafiti wa Norway, Berge, Bjorvatn na Tungodden, walipofuatilia matokeo walikuta kwamba wanaume walinufaika katika biashara zao, na wanawake walibadilika kidogo tu, hali inayohusishwa kwa sehemu na majukumu na maamuzi ya nyumbani yaliyowabana. Matokeo hayo hayasemi kwamba wanawake walishindwa kuelewa. Yanasema kwamba elimu ya biashara haifiki mbali pale ambapo mwenye biashara hana kauli juu ya fedha alizozipata. Utafiti mwingine, wa Jamhuri ya Dominika, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kanuni nyepesi, kama ya kutenga fedha za biashara na za nyumbani katika droo mbili, ilileta mabadiliko ambayo somo kamili la uhasibu halikuyaleta. Mama wa vitumbua wa Tanzania mwenye kibubu cha mtaji na kibubu cha ada alikuwa akiifuata kanuni hiyo bila ya kuhudhuria semina.

Dola nayo iliendelea kusoma. Mashine za kutolea stakabadhi za kodi, zilizoanza kutumika mwaka 2010, zilipofikishwa kwa wafanyabiashara wa kati na wadogo, maduka yalifungwa kwa mgomo katika miji kadhaa kati ya mwaka 2013 na 2014. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, hatua iliyopokelewa kwa furaha na wengi hasa kwa sababu haikudai daftari lolote. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa tena, na miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa ni kikosi kazi cha ukusanyaji wa kodi na sharti la kusajili stoo za bidhaa. Ilikuwa imetimia miaka 100 kamili tangu hartali ya Wahindi. Waliogoma safari hii wengi wao walikuwa Waafrika, lakini ugomvi ulikuwa uleule.

Simu ya mkononi imeongeza msomaji mwingine. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kila malipo ya muuza mkaa yanajiandika yenyewe, na mikopo ya simuni hutolewa kwa kuyapima maandishi hayo na programu ambayo mkopaji haioni wala hawezi kubishana nayo. Wapo wanaodai kwamba tatizo la hesabu limekwisha kwa njia hiyo. Dai hilo ni la haraka mno, kwa sababu daftari la simu limehifadhiwa kwa mkopeshaji kuliko kwa mkopaji, na mwenye biashara anayeletewa mkopo bila ya kuelezwa amepimwaje hajaongezewa ujuzi wa mali yake.

Sera ya taifa ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003 iliahidi mafunzo, na kodi ya makadirio inayotozwa kwa kuangalia mauzo bado ina viwango viwili, kimoja kwa anayeweka kumbukumbu na kingine kwa asiyeziweka. Tofauti ya viwango hivyo haijatosha kumfanya muuzaji wa mtaani aandike, wala haitatosha peke yake. Wanaoandaa semina za uhasibu kwa wenye biashara ndogo wangefaa kuanza kwa kuwaomba waonyeshe wanavyohesabu sasa, katika upatu, katika mali kauli na katika vibubu viwili, na kuwahakikishia kwa maandishi kwamba daftari watakalofundishwa kulijaza halitachukuliwa na mtu yeyote kabla wao hawajalisoma.